Lori Lililokula Mpunga Wangu

Mpunga wangu wa kwanza uliliwa na lori. Wanangu wakinisikia nasema hivyo hucheka. Wananiambia, "Mama, lori halili mpunga, linakunywa mazuti." Basi wacheke wamalize, halafu wakae niwaeleze. Ndege ndio waliotia midomo kwenye masuke, hilo silikatai. Lakini ndege wale walifunguliwa mlango, na aliyewafungulia ni lori la pamba lililopakiwa mpaka likawa linayumba kama mtu anayetoka kilioni na pombe.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, katika kijiji cha barabarani kati ya Kasongo na Kabambare. Kwetu mimi ni upande wa Wamaza. Majina ya watu wa kijiji kile ninayo yote kichwani, nyumba kwa nyumba, hata jina la mbwa wa jirani aliyekuwa anaiba mayai. Siyaandiki. Wajukuu wa wale watu wako hai, na si wote watakaopenda kusikia babu yao alisema nini siku ile.

Kijiji chenyewe hakikuzaliwa pale. Wazee walikuwa wanakaa ndani, karibu na kijito chao na makaburi yao. Bulamatari, ndivyo tulivyoiita serikali ya Wabelgiji, iliwatoa huko ikawapanga mistari miwili, huku na huku ya barabara, kama watoto wanaosubiri kuchanjwa. Walisema ni kwa faida yetu. Faida tuliyoiona ni kwamba kazi ilikuwa karibu na mlango: ukitoka nje kujinyoosha, umeshafika kazini. Kazi ilikuwa ni barabara.

Niseme kwanza juu ya jiko, maana bila jiko hamtaelewa kwa nini nina hasira mpaka leo. Kwa watu wa mume wangu, bibi arusi hana jiko. Anapika kwenye mafiga ya mama mkwe, anachochea kuni za mama mkwe, akitaka kuongeza chumvi anauliza. Atalima shamba lake la kwanza la mpunga. Akivuna, anapika chungu kimoja anawapa wakwe zake, anapeleka kikapu kimoja kwa mama yake mzazi, na siku hiyo anawekewa mafiga yake matatu nyuma ya nyumba yake. Kabla ya hapo ni mgeni anayefanya kazi. Hata mume akileta samaki kutoka Nyangwe mtoni, samaki yule anapita mikononi mwako kwenda kwa mwenye jiko. Mama mkwe wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na mdomo wake ulikuwa na pilipili. Nikikata vitunguu vipande vikubwa, anasema, "Kwenu Wamaza munakula kwa jembe?"

Kwa hiyo shamba lile la mpunga niliwekea roho yangu yote. Lilikuwa mtelemko mdogo nyuma ya kijiji, si mbali na barabara. Mume wangu alikata miti, tukachoma, nikapanda kwa mkono wangu. Tulikuwa na pamba pia, ya lazima, kila nyumba ilikuwa nayo, lakini pamba ilikuwa ya Bulamatari, tuliipalilia kama unavyomlisha mtoto wa adui. Mpunga ulikuwa wangu. Ulipoanza kutoa masuke, mume wangu akanijengea dungu, kile kitanda kirefu cha miti anachokaa mlinzi wa ndege. Nilikuwa ninakaa juu na kombeo na debe bovu, ninaona shamba lote, na nikigeuka ninaona barabara.

Barabara ile tuliigawana. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake, kuanzia mti huu mpaka kisiki kile. Amri ilikuwa moja: barabara iwe safi. Askari wa teritware, yaani ofisi ya mzungu anayetawala wilaya, alikuwa anapita na baiskeli, akikuta jani, anauliza jani la nani. Mkiulizwa jani la nani mnajua fimbo iko njiani. Sasa mwambie mwanamke wa Kizimba au wa Kibangubangu kwamba mahali pawe safi. Anajua usafi wa aina gani? Anajua uani kwake. Tuliifagia barabara kama uani, kila asubuhi, tumeinama, mkono mmoja mgongoni. Pakitoka shimo, tulichukua udongo wa kichuguu, tukaulowanisha, tukauponda, tukaupiga kwa vibao vile vile vya kupigia sakafu ya nyumba mpya, mpaka ukang'aa. Tulishindana. Wifi yangu, dada wa mume wangu, kipande chake kilipakana na chetu, akawa anapita na ufagio begani na kusema, "Jamani, huku mbele kuna mutu ana upele?" Na mimi namjibu, "Pita polepole usiteleze, hapa kwetu ni kioo."

Mchuuzi mmoja wa Kasongo, Mwislamu mcheshi aliyekuwa anauza sabuni na kitambaa kwenye baiskeli, akifika kwetu alishuka na kuuliza, "Mama, hapa napita na viatu ao ninavua?" Tulicheka. Tulijivuna, kweli. Gari dogo la mzungu wa teritware lilipita pale bila kuruka, na yeye mwenyewe alitoa mkono dirishani akatusifu.

Najua sasa kwamba tulikosea kitu. Ufagio ulikuwa unaondoa changarawe kidogo kidogo na kuipeleka mtaroni, na changarawe ndiyo ngozi ya barabara ya udongo. Tuliitunza kama sakafu kwa sababu sakafu ndiyo tuliyoijua, na sakafu haijawahi kupitiwa na lori. Lakini sikilizeni vizuri. Barabara ile ilikaa miaka na ufagio wetu. Ilipitiwa na miguu, mbuzi, baiskeli, machela ya wagonjwa, gari dogo la teritware. Haikulalamika. Ilianza kufa tangu ghala la pamba lilipojengwa mbele yetu upande wa Kabambare, na malori yakaanza kupita.

Lori likienda tupu kuchukua pamba, lilikuwa linaruka-ruka, linapiga kelele, linapita. Nyuma yake unaona alama za magurudumu kama alama za kuku. Likirudi limejaa, unalisikia kabla hujaliona. Linaguna. Nyumba zilitetemeka, vyungu vikagongana. Na wao hawakupakia mpaka kujaa, walipakia mpaka kuchoka. Magunia yalipita mbao za pembeni, yakapanda juu, yakafungwa kamba, na juu ya kamba wakaweka mengine. Siku hiyo hiyo barabara haikuvunjika. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ilikuwa inabonyea kidogo tu, inapasuka ufa mwembamba ambao ungeupita usiuone. Mvua inaingia kwenye ufa. Lori la pili linakandamiza yale maji chini. La tatu linamega. Halafu watu wanasema la tatu ndilo baya.

Mwanamke aliyebeba mizigo kichwani hahitaji kufundishwa hayo. Mzigo uliozidi haukuvunji shingo kwenye kilima cha kwanza. Unafika nyumbani, unatua, unacheka na watu. Baada ya miaka unaamka asubuhi shingo haigeuki, unaambiwa ni uzee.

Mjukuu wangu mmoja ni shofere, anaendesha malori. Ananiambia, "Bibi, kosa lenu lilikuwa udongo. Ingekuwa lami, hata leo ingekuwepo." Nikamwambia nenda ukamdanganye aliyelala. Lami nimeiona Bukavu, nilipokwenda kumsaidia binti yangu alipojifungua. Palikuwa na mtelemko ambapo malori yenye mizigo yalikuwa yanashika breki. Pale chini lami ilikuwa imejikunja kama ngozi ya juu ya uji ukiisukuma na mwiko, na mahali pa magurudumu palikuwa na mifereji miwili, maji yamelala humo. Upande wa pili, ambako gari zilipanda tupu, palikuwa bado pameshikana. Lami nayo ina shingo. Nilimwambia hivyo, akaongeza sauti ya redio.

Turudi kwenye mpunga.

Bulamatari yenyewe ilijua kwamba lori zito na udongo wa mvua ni maadui, ndiyo sababu iliweka bariyeri. Ilikuwa fito ndefu iliyolazwa katikati ya barabara juu ya miti miwili yenye panda, na kufungwa kamba. Mvua ikinyesha, fito inashushwa, hakuna lori kupita mpaka udongo ukauke. Hiyo ilikuwa sheria yao, si yetu. Mlinzi wa bariyeri kijijini kwetu alikuwa baba mkwe wangu. Alipewa kofia, na kofia hiyo alikuwa anaiweka juu ya kabati la Kurani. Mvua ikikatika alitoka, akakanyaga udongo kwa kisigino, akaangalia kama kisigino kinaacha maji. Maji yakijaa, anarudi kukaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kazi ile aliipenda kwa sababu ilimpa haki ya kuwaambia watu "ngoja."

Siku ninayosema, ilikuwa mvua za mwisho, pamba ya kwanza imeshanunuliwa. Mpunga wangu ulikuwa katika maziwa: ukibana punje, inatoa maji meupe matamu. Huo ndio wakati ndege wanaupenda kuliko wote. Ilinyesha tangu asubuhi, ikakatika baada ya adhuhuri. Baba mkwe alikuwa ameshusha fito. Mimi nilikuwa nimeshuka kwenye dungu kuchota maji ya kupikia, ndiyo maana niliyaona yote kwa macho yangu.

Lori likaja likiguna, likasimama mbele ya fito. Shofere alikuwa mtu mweusi mwenzetu, mtu wa Kindu kwa kusikia maneno yake. Kando yake alikaa mzungu wa pamba, sura imeiva kwa joto. Shofere akatoa kichwa.

"Mzee, shikamoo. Utufungulie."

"Marahaba. Mvua imetoka sasa hivi, mutoto wangu. Hata nywele zake hazijakauka."

"Mie naona, baba. Mwenye kunituma ndiye haoni."

Mzungu akafungua mlango, akashuka. Alisema Kiswahili chao kile cha kuamuru. "Wewe iko mukubwa kupita mimi?"

"Hapana, Bwana."

"Basi fungua."

"Hii fito haiko yangu, Bwana. Iko ya Bulamatari. Mie ni mulinzi tu."

Wanawake tuliokuwa na mitungi tukasimama. Mzungu akatazama mbingu, akatazama magunia yake, akasema pamba itanyeshewa. Kisha akaenda mwenyewe kwenye ile kamba, akashindwa kuifungua, maana baba mkwe alikuwa anafunga fundo la mitumbwi alilojifunza Nyangwe alipokuwa kijana. Akatoa kisu akaikata. Fito ikaanguka. Baba mkwe akaiokota, akaisimamisha kando, akashika kofia yake mkononi. Hakuna aliyempiga. Lakini nilimwona usoni, na afadhali wangempiga.

Lori likaenda. Ukishapita kijiji, upande wa Kasongo, barabara ilikuwa inashuka kwenye bonde la kijito kidogo, na pale chini ndipo palipokuwa na kipande cha nyumba yetu, kile cha kioo. Magurudumu ya nyuma yakaingia kama kijiko katika ugali wa moto. Likakaa. Shofere akatia injini moto, udongo ukaruka, likazidi kukaa.

Kijiji kizima tukaitwa. Wanaume wakasukuma, likagoma. Basi ikabidi magunia yashushwe. Tuliyashusha, wanaume juu, sisi chini tunayaburuta mpaka penye nyasi. Yalishuka mengine na mengine, mpaka mama mkwe wangu akauliza kwa sauti, "Hii ni kamyo ao ni kijiji kimehama?" Na yalipokwisha kushuka yote, nisikilizeni: lori lilitoka lenyewe. Hakuna aliyelisukuma. Lilipanda kutoka shimoni likasimama, jepesi kama mbuzi.

Wote tuliona. Mzungu aliona. Shofere aliona, akakuna kichwa.

Baba mkwe akasogea. "Bwana, nusu ibaki hapa. Sisi tutaifunika. Kesho jua likiwaka, motokari irudi kuichukua."

"Pamba itaibiwa," akasema mzungu.

Mama mkwe wangu, kwa Kizimba, lugha ambayo mzungu hakuijua, bila kugeuza shingo, akasema, "Nani atakayeiba pamba? Sisi tunaikimbia." Watu wakacheka kwa tumbo, midomo imefungwa.

Tukayapandisha yote. Yote, hata gunia moja halikubaki. Lori likaenda hatua chache, likazama tena pale penye mpando. Safari hii shofere hakusubiri, alilikanyaga, likalima udongo, likaruka, likalima, mpaka likatokea juu ya kilima na kwenda zake Kasongo. Nyuma yake iliachwa mifereji miwili ambayo ungeweza kupanda viazi humo. Udongo wetu wa kichuguu, tulioupiga kwa vibao na nyimbo, ulikuwa umepinduliwa mabamba mabamba, kama magamba ya samaki. Wifi yangu akatazama, hakuwa na utani. Akasema tu, "Haya."

Baada ya siku chache akaja mzungu wa barabara, yule wa teritware, na askari wake. Gari lake dogo lilishindwa kuvuka, akavuka kwa miguu, viatu vikajaa tope. Akauliza nani amefungua bariyeri. Baba mkwe akaenda akaleta ile kamba iliyokatwa, akamwonyesha. Kamba iliyokatwa kwa kisu inajulikana. Mzungu akaishika, akaitazama, akairudisha. Akajua. Mimi nilisimama karibu naye kama nilivyo karibu na meza hii, nikaona anajua. Mzungu wa pamba alikuwa mwenzake, walikula meza moja.

Basi akainamia barabara, akachukua udongo, akausugua kati ya vidole.

"Changarawe iko wapi? Nani anafagia hapa?"

"Wanawake, Bwana," akasema kapita wa kijiji, yule msimamizi wetu aliyewekwa na Bulamatari, haraka haraka, kama mtu anayetupa kaa la moto.

"Ninyi wanawake mumeua barabara na fagio zenu."

Mama mkwe wangu ndiye aliyejibu. "Bwana, nani alituambia tufagie?"

"Nyamaza, mama!" askari akamkemea.

"Nanyamaza. Lakini naye anijibu kwanza."

Mzungu akapangusa udongo vidoleni. Na mimi namwambia leo, alipo, kama amekufa amekufa: kupita lile ghala la pamba, mbele kuelekea Kabambare, wanawake walikuwa wanafagia vile vile. Ni dada zangu, nilikulia huko, nawajua kwa majina. Ufagio ni ule ule, kichuguu ni kile kile, vibao ni vile vile. Malori yenye mzigo hayakupita kule, maana pamba yote ilikuwa inashuka Kasongo. Na barabara ya kule ilikuwa nzima! Ungeweza kukaa chini na kula. Angetembea tu mpaka ghalani, asimame, atazame mbele, atazame nyuma. Hata kipofu angeijua tofauti kwa miguu. Hakutembea. Aliona fagio, kwa sababu ufagio hauna mwenzake wa kula naye mezani.

Amri ikatoka: hakuna kwenda shambani mpaka barabara ipone. Wote, wanaume na wanawake, mawe kutoka kijitoni, changarawe kutoka kilimani, kikapu kwa kikapu. Askari abaki kutulinda.

Mume wangu akaenda kwa kapita. Akamwambia, "Mupunga wa muke wangu uko katika maziwa. Umuachie hata yeye peke yake."

Kapita akasema, "Ndege ni wake. Barabara ni ya wote."

"Hao wote ni nani? Mie sijawahi kupanda kamyo. Wewe umepanda?"

Kapita akamwomba ashushe sauti. Naye alikuwa na mpunga wake, na fimbo ilikuwa inamtazama yeye wa kwanza.

Tukabeba mawe. Na kwa kuwa shamba langu lilikuwa karibu, niliwasikia. Kundi la ndege wadogo likitua kwenye mpunga linafanya sauti kama mvua inayoanza kwenye makuti. Nilikuwa na kikapu kichwani, siwezi kugeuka, nasikia mvua ile inanyesha shambani kwangu na juu hakuna wingu.

Wifi yangu, yule wa upele, ndiye aliyeanza. Aligonga jiwe kwa jiwe akapiga ukelele mrefu kuelekea shambani, "Hooo-yee! Tokeni, wezi!" Ndege wakaruka wote, tukawaona wanazunguka juu. Wanawake wakaelewa. Tukaanza wote, majembe juu ya mawe, debe, makofi, "Hooo-yee!" Askari akafurahi. Alidhani tumeipenda kazi. Akasema, "Vizuri, mama, imbeni!" Tukaimba mpaka sauti zikakauka. Siku ya kwanza ndege waliogopa. Siku iliyofuata walikuwa wanaruka kidogo na kurudi. Baadaye hawakuruka kabisa, waliinua vichwa tu, kama watu wanaosikia adhana ya dini isiyo yao.

Mama mkwe wangu alikuwa na mguu mbovu. Asubuhi moja hakuja barabarani. Tukaambiwa anaumwa. Mara tukasikia debe linalia shambani kwangu, na ndege wanapaa kwa hasira. Alikuwa amepanda dungu, yeye na mguu wake, na alitupa mawe ya kombeo tangu alfajiri. Moyo wangu ulifunguka. Sikujua kwamba ananipenda. Lakini askari naye ana masikio. Akaenda akamshusha. Alikuja nyuma yake akichechemea, kombeo bado iko mkononi, akimwuliza, "Na wewe, mama yako alikula nini mpaka akupate? Alikula barabara?"

"Mama, mie natumwa."

"Shofere anatumwa, wewe unatumwa. Hakuna hata mumoja anayekuja mwenyewe?"

Barabara ilipona. Ilikuwa nzuri, nyekundu, na mawe chini na changarawe juu. Tukaachiwa. Nilikwenda shambani nikikimbia, na nilipofika ukingoni nikasimama. Mpunga wenye chakula unainama. Wangu ulikuwa umesimama wima, shamba zima, mrefu na mzuri, unacheza na upepo. Ukiupita mbali ungesema hongera. Nikashika suke, nikalibana, likalia kama majani makavu.

Nilivuna hata hivyo. Nilikata suke kwa suke yale yaliyobaki kwenye kona zenye majani marefu. Nilipopeta, makapi yalijaa uani na punje zikabaki kidogo chini ya ungo, nyingi zake zimevunjika.

Baba mkwe alisema niwekewe mafiga. "Mutoto huyu alilima, wote tulimuona."

Mama mkwe akasema hapana. "Alilima, hakuvuna. Mafiga yanawekwa kwa mupunga, hayawekwi kwa huruma. Tukiweka kwa huruma leo, kesho kila mvivu atatuletea kisa cha kamyo."

"Lakini hiki kisa ni cha kweli, na wewe ulikuwa kwenye dungu."

"Ndiyo. Ni cha kweli. Na mupunga haupo."

Nilimchukia siku ile. Lakini kesho yake akaingia ghalani mwake, akajaza kikapu changu mpunga wake mwenyewe, mpaka juu, akakiweka mbele yangu. "Mupelekee mama yako. Asiseme huku tunamla mutoto wake."

Nikaubeba kwenda Wamaza kwa miguu. Njiani lori lilinipita likitoka ghalani, limepakiwa vile vile, juu ya juu. Nilishuka mtaroni kulipisha. Lilipokwisha kupita, niliinama kutazama changarawe niliyoibeba kwa kichwa changu. Ilikuwa imebonyea, kidogo tu, ungeipita usione.

Mama yangu alinipokea kwa vigelegele. Majirani wakaja. Akaingiza mkono ndani ya kikapu, akainua punje, akaziacha zianguke kati ya vidole vyake. Kigelegele kikakatika. Mbegu ya mama mkwe ilikuwa ile ya Nyangwe, nyekundu kidogo kwenye ncha. Mbegu niliyopanda mimi nilipewa na mama yangu mwenyewe, aliijua kama anavyojua meno yangu.

Akangoja majirani watoke. "Huu hauko wa mukono wako."

Nikamweleza yote, lori, kamba, fagio, ndege. Alisikiliza bila kunikatiza, na mdomo wake ukazidi kuwa mwembamba. Nilidhani atalia. Badala yake akasimama, akafunga kikapu kwa majani mapya, akakifunga vizuri kuliko nilivyokileta.

"Umurudishie mama mkwe wako. Umwambie nimemushukuru sana, ni mutu wa heshima. Lakini mie sikuzaa mutoto ili nile jasho la mwanamuke mwingine. Utaniletea wako."

"Mama, nikae mwaka mzima tena bila mafiga?"

"Mwaka mumoja tu? Kwani wale wenye kamyo walisema wataacha kupita?"

Nikarudi nacho kichwani, njia yote ile. Mama mkwe alikipokea, akayatazama majani mapya, akaelewa ni nani aliyeyafunga. Alikirudisha ghalani mahali pake. Kisha akakaa kwenye kiti chake kando ya mafiga, akaninyoshea kijiti cha kuchochea, nami nikapiga magoti nikachochea moto wake.